Mapafu ya Zone Industrielle: vumbi, mchochota na korona katika historia ya Bujumbura

Eneo linaloitwa Zone Industrielle, au Quartier Industriel katika mazungumzo ya kila siku ya wakazi wa Bujumbura, limelala katika uwanda wa chini ulio kati ya Ziwa Tanganyika na mitaa ya Buyenzi na Ngagara, na historia yake haitenganishiki na historia ya mazao machache ambayo utawala wa Ubelgiji uliamua kwamba Urundi iyazalishe. Wajerumani walikuwa wameweka kituo cha kijeshi Usumbura mwaka 1897. Wabelgiji wakakitwaa mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, wakaufanya mji huo makao ya utawala wa Ruanda-Urundi, na kuanzia miaka ya 1930 wakawalazimisha wakulima wa milimani kupanda mibuni. Kahawa hiyo iliteremshwa hadi ziwani, ikavushwa kwa meli hadi Kigoma, ambako reli ya kati ilikuwa imefika tangu mwaka 1914, kisha ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ambako Ubelgiji ilikuwa na gati lake lililojulikana kwa jina la Belbase. Mji uliokaa kwenye njia hiyo ulihitaji mahali pa kukoboa, kupanga madaraja na kufungasha, na hitaji hilo ndilo lililoanza kuvuta mashine na maghala karibu na bandari.

Viwanda vingine vilifuata mkondo huohuo wa mazao na vinywaji. Brarudi, kiwanda cha bia na vinywaji baridi kinachomilikiwa kwa sehemu kubwa na kampuni ya Heineken na kwa sehemu iliyobaki na dola ya Burundi, kilianzishwa mwaka 1955. Katika miaka hiyohiyo shirika la nyumba la kikoloni lililofupishwa kuwa OCAF lilijenga nyumba za wafanyakazi huko Ngagara, na jina la shirika hilo bado linatumika mtaani kama jina la mahali. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 mji ulipewa jina la Bujumbura, na serikali zilizofuata zikaongeza viwanda vya kuchukua nafasi ya bidhaa za nje: Savonor ya sabuni na mafuta ya kula, iliyotegemea mawese ya michikichi ya Rumonge na mwambao wa ziwa, na COTEBU, kiwanda kikubwa cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China upande wa Ngagara ili kusokota na kufuma pamba ya uwanda wa Imbo. COTEBU kilikufa, kikafufuliwa na wawekezaji kwa jina la Afritextile, lakini jina la zamani halikufa, kwa sababu soko na kituo cha magari kilichoota jirani yake bado huitwa Cotebu na watu ambao wengi wao hawajawahi kuona kitambaa kikitoka humo.

Katika orodha hiyo ya kahawa, pamba, mawese na bia kuna jambo ambalo waandishi wa historia ya uchumi hulipita haraka, nalo ni hewa. Kahawa kavu inapokobolewa, ganda lake la karatasi hupasuka na kuwa vumbi laini. Pamba inapochambuliwa na kusokotwa, nyuzi fupi huelea chumbani siku nzima. Vumbi la mimea la namna hiyo halina madhara ya uchafu peke yake, kwa kuwa hubeba mabaki ya bakteria, hasa dutu iitwayo endotoksini, ambayo ni sehemu ya ukuta wa nje wa bakteria fulani na ambayo Richard Pfeiffer aliibainisha nchini Ujerumani mwaka 1892. Mwili ukiivuta endotoksini huipokea kama adui aliyeingia, ingawa bakteria mwenyewe ameshakufa, na huanzisha mapambano ndani ya njia za hewa. Madaktari wa viwanda vya pamba huko Ulaya walieleza kwa muda mrefu ugonjwa ambao wafanyakazi waliuita homa ya Jumatatu: mtu aliyepumzika Jumapili alirudi kazini akabanwa kifua na kupata joto, akapata nafuu kadiri wiki ilivyoendelea, na baada ya miaka mingi akabaki na kifua kisichofunguka tena. Utafiti uliofanywa katika viwanda vya kahawa vya Tanzania katika muongo wa 2010 ulikuta kwamba wafanyakazi waliokaa katika vumbi hilo walikuwa na dalili za kifua nyingi zaidi kuliko wenzao wa kazi nyingine.

Mapambano hayo ya mwili ndiyo yanayoitwa mchochota, yaani hali ambayo tishu iliyoumizwa au kuvamiwa hupelekewa damu nyingi, mishipa yake midogo ikalegea na kuvujisha majimaji, na chembe nyeupe za damu zikakusanyika kuua, kula na kusafisha. Mwandishi Mroma Celsus, katika karne ya kwanza, alitaja dalili zake nne ambazo wanafunzi wa tiba hukariri hadi leo: wekundu, uvimbe, joto na maumivu; baadaye ikaongezwa ya tano, nayo ni kiungo kushindwa kufanya kazi yake. Dalili nne za kwanza huonekana kwenye kidole kilichochomwa na mwiba. Ya tano ndiyo inayohusu mapafu, kwa sababu pafu halionekani kuvimba wala kuwa jekundu, na mwenye pafu huenda asisikie maumivu, lakini vifuko vyake vya hewa, ambavyo ukuta wake ni mwembamba kiasi cha kuruhusu oksijeni kupenya hadi kwenye damu, vikijaa majimaji na mabaki ya chembe, kazi hiyo moja ya kupitisha hewa hukwama.

Kupima mchochota kulianza kwa njia rahisi sana. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Poland na Sweden waligundua kwamba damu ya mgonjwa ikiachwa katika mrija mwembamba, chembe zake nyekundu huzama haraka kuliko za mtu mzima wa afya, na kipimo hicho cha kasi ya kuzama kikaenea hadi katika hospitali ndogo za makoloni kwa kuwa hakihitaji zaidi ya mrija, kishikio na saa. Mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis, wakiwa katika Taasisi ya Rockefeller huko New York, walikuta katika damu ya wagonjwa wa nimonia protini inayonasa kijenzi kimoja cha bakteria wa pneumokoka walichokiita C; protini hiyo, ambayo leo hujulikana kwa kifupi cha CRP, hutengenezwa na ini na huweza kupanda mara mamia ndani ya siku mbili za mchochota mkali. Ilichukua zaidi ya nusu karne kufahamu nani anayeliamuru ini kufanya hivyo. Mwaka 1986 kundi la watafiti wa Osaka, Japani, lililoongozwa na Tadamitsu Kishimoto na Toshio Hirano, lilitambua muundo wa mojawapo ya saitokini, yaani vijumbe vya kemikali ambavyo chembe za kinga hutumiana, na kijumbe hicho kikaja kuitwa interlukini-6. Kwa maneno mengine, daktari anayesoma CRP katika karatasi ya maabara anasoma mwangwi wa amri zilizotolewa na interlukini-6 siku moja au mbili kabla.

Elimu hiyo yote ilikuwa tayari vitabuni wakati virusi vipya vya korona vilipotokea Wuhan mwishoni mwa 2019. Taarifa ya kwanza ya kina iliyochapishwa katika jarida la Lancet tarehe 24 Januari 2020, kuhusu wagonjwa 41, ilisema tayari kwamba waliohitaji chumba cha wagonjwa mahututi walikuwa na saitokini nyingi zaidi katika damu kuliko wengine, na taarifa nyingine ya mwezi Machi, iliyowafuata wagonjwa 191 ambao 54 kati yao walifariki, ilionyesha kwamba waliokufa walikuwa na interlukini-6 iliyokuwa ikipanda na dalili za damu kuganda ndani ya mishipa. Mwenendo uliojitokeza ulikuwa na hatua mbili. Katika wiki ya kwanza virusi huongezeka kooni na kifuani, na mgonjwa huwa na homa, kikohozi na uchovu. Katika wiki ya pili, wakati virusi vyenyewe mara nyingi vimeanza kupungua, baadhi ya wagonjwa huzidiwa ghafla, oksijeni yao hushuka, na kinachowaua hapo ni mwitikio wa mwili wao wenyewe ambao haukujua kusimama. Baadaye katika mwaka huohuo iligunduliwa kwamba takriban mgonjwa mmoja katika kumi kati ya mahututi alikuwa na kingamwili zilizoshambulia interferoni zake mwenyewe, yaani zile saitokini zinazotakiwa kuzuia virusi mapema, kwa hiyo udhaifu wa kinga mwanzoni na ukali wake mwishoni vilikutana katika mtu mmoja.

Burundi ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza tarehe 31 Machi 2020, wote wakiwa Warundi waliotoka safarini, na waziri wa afya aliyetoa tangazo hilo alikuwa Thaddée Ndikumana. Uwanja wa ndege wa Bujumbura ulikuwa umeshafungwa kwa safari za abiria, lakini ndani ya nchi shughuli ziliendelea: ligi ya mpira ilichezwa wakati nchi karibu zote duniani zimesimamisha zao, mikutano ya kampeni za uchaguzi ilijaza viwanja, na mashine za Zone Industrielle hazikuzimwa. Mwezi Aprili mto Rusizi ulifurika na kuwafukuza maelfu ya watu wa Gatumba, magharibi mwa mji, wakalala katika kambi za muda bila nafasi ya kukaa mbalimbali. Katikati ya Mei, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 20, serikali iliwaamuru mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani na wenzake watatu waondoke nchini. Tarehe 8 Juni Rais Pierre Nkurunziza alifariki katika hospitali ya Karusi. Tangazo rasmi lilisema moyo ulisimama, na minong'ono ya mtaani kwamba ni korona haikuthibitishwa na mamlaka yoyote, kwa hiyo haina nafasi katika hesabu ya makala haya.

Mrithi wake, Évariste Ndayishimiye, aliapishwa Gitega tarehe 18 Juni, na mwisho wa mwezi huo akatangaza kwamba korona ndiyo adui mkubwa wa Burundi. Hapo ndipo Zone Industrielle iliingia katika historia ya ugonjwa huu kwa mlango wa mbele. Pamoja na kampeni ya upimaji wa halaiki iliyoanza tarehe 6 Julai kwa kaulimbiu ya Kirundi isemayo « Ndakira, sinandura kandi sinanduza abandi », yaani ninapona, siambukizwi wala siambukizi wengine, serikali iliamua kushusha bei ya sabuni ya buluu inayotengenezwa na Savonor, ile ambayo mama wa nyumbani huikata vipande kwa kisu na kufulia nayo, na kushusha bei ya maji ya mjini. Uamuzi huo ulikuwa na akili yake. Virusi vya korona vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuyeyusha utando huo. Nchi ambayo haikuwa na fedha za kigeni za kutosha, na ambayo Umoja wa Ulaya ulikuwa umesitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali yake tangu Machi 2016, ilichukua silaha iliyoweza kutengenezwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka soko la Ruvumera. Mji uliozoea kipindupindu cha mwambao wa ziwa uliielewa sabuni bila kufundishwa.

Hata hivyo sabuni inafanya kazi nje ya ngozi. Mtu ambaye virusi vimeshamfika mapafuni anahitaji vitu vitatu vya aina nyingine: oksijeni, kipimo cha kuonyesha kama mchochota unapanda au unashuka, na dawa ya kuutuliza kwa wakati wake. Eneo la viwanda lililojengwa kukoboa kahawa, kufuma pamba na kuchachusha bia halikuwahi kupangwa kuvitoa vitu hivyo, na miaka ambayo ingeweza kulibadilisha ilipotea: vita vilivyoanza mwaka 1993, kisha vikwazo vya kiuchumi ambavyo nchi jirani ziliiwekea Burundi baada ya mapinduzi ya Julai 1996 na kuvisitisha Januari 1999, wakati viwanda vilikosa malighafi na vipuri na hospitali zikakosa dawa. Historia ya viwanda huamua mgonjwa atapata nini kitandani, jambo ambalo mipango ya afya huandikwa kana kwamba halipo.

Dawa yenyewe ilikuwa ya zamani na ya bei ndogo. Mwezi Septemba 1948, katika Kliniki ya Mayo huko Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni, ambayo ni homoni ya tezi zilizo juu ya figo, mgonjwa aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi, naye ndani ya siku chache akaamka na kutembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Deksamethasoni, iliyotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ni ndugu wa kotisoni mwenye nguvu nyingi zaidi, na imekuwamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha hiyo ianzishwe mwaka 1977. Lakini mwanzoni mwa 2020 madaktari wengi waliiogopa. Katika mlipuko wa SARS wa mwaka 2003 wagonjwa wa Hong Kong na China walipewa steroidi, yaani dawa za jamii ya kotisoni, kwa dozi kubwa sana, na baadhi yao wakapona mapafu wakabaki na mifupa ya nyonga iliyooza, bila ushahidi wa wazi kwamba dawa hiyo ndiyo iliyowaokoa. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2020 ulishauri isitolewe kwa mazoea.

Jibu lilitoka Uingereza tarehe 16 Juni 2020, siku mbili kabla ya Ndayishimiye kuapishwa. Katika jaribio la kitabibu lililoitwa RECOVERY, ambamo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, 2,104 walipewa deksamethasoni miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, na 4,321 wakapata huduma ya kawaida. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 29.3 kwa waliopewa dawa na asilimia 41.4 kwa wasiopewa. Miongoni mwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, asilimia 23.3 dhidi ya 26.2. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni hata kidogo, dawa haikusaidia, na takwimu zilielekea upande wa kudhuru, asilimia 17.8 dhidi ya 14.0. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyo muhimu kuliko zote kwa mtu wa Bujumbura, ingawa magazeti ya dunia yaliipa mistari michache. Dawa inayotuliza mchochota hufaa pale tu mchochota umekuwa adui mkubwa kuliko virusi. Ikitolewa mapema humnyang'anya mgonjwa ulinzi anaouhitaji. Mpaka kati ya nyakati hizo mbili hauonyeshwi na kipimo cha virusi, bali na kiwango cha oksijeni katika damu, ambacho kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni huweza kukisoma, na kusaidiwa na CRP.

Katika uwanda wa Imbo, ambako Bujumbura imelala, mpaka huo ulikuwa mgumu zaidi kuuona. Mwaka 2019 Burundi, nchi ya watu takriban milioni 11, ilirekodi zaidi ya wagonjwa milioni 5 wa malaria ndani ya miezi michache, na malaria nayo huleta homa, uchovu na CRP iliyopanda. Mgonjwa aliyefika zahanati akiwa na joto aliweza kuwa na ugonjwa mmoja, au mwingine, au yote mawili. Na kosa la kuyachanganya halikuwa dogo, kwa kuwa jaribio lililochapishwa mwaka 1982 kutoka Thailand lilikuwa limeonyesha kwamba deksamethasoni kwa wagonjwa wa malaria iliyopanda kichwani ilirefusha kupoteza fahamu kwao na kuongeza madhara badala ya kuwaponya. Kuna pia mnyoo mdogo wa tumboni uitwao strongyloidesi, ulioenea katika nchi za joto, ambao hukaa kimya miaka mingi na huweza kusambaa mwili mzima mtu akipewa steroidi. Ndiyo maana hushauriwa kutanguliza dawa ya minyoo. Sukari ya mgonjwa wa kisukari nayo hupanda. Kwa hiyo dawa ya bei ndogo ilihitaji mikono yenye uzoefu, na mikono hiyo Bujumbura ilipatikana katika hospitali chache: Prince Régent Charles, iliyopewa jina la mwanamfalme aliyeshika utawala wa Ubelgiji kwa niaba ya mfalme kati ya 1944 na 1950, hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge inayobeba jina la Mfalme Khaled wa Saudi Arabia, hospitali ya kijeshi, na baadhi ya kliniki.

Namna Burundi ilivyohesabu wagonjwa wake inastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi kuliko idadi zenyewe. Upimaji wa halaiki wa Julai 2020 ulikuwa hatua kubwa mbele baada ya miezi ya kusitasita, lakini uliwagawa watu katika makundi mawili tu, wenye virusi na wasio navyo, na mwenye virusi alihesabiwa kuwa amepona pale kipimo chake kilipobadilika. Mwezi Februari 2021, wizara ilipoeleza kwa nini nchi haikuwa na haraka ya kupokea chanjo, hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa walikuwa wakipona. Hesabu hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isiseme lolote kuhusu mchochota. Katika nchi ambayo nusu ya watu hawajafika umri wa miaka 18, mtu anayepimwa barabarani akiwa mzima na kukutwa na virusi atapona karibu kwa hakika. Kumtia katika kapu moja na mtu wa miaka 65 anayepumua kwa taabu ni kulificha swali lililopaswa kuulizwa, yaani, kati ya waliohitaji oksijeni, wangapi walitoka hospitali kwa miguu yao. Vifo vilivyotangazwa rasmi katika kipindi chote havikufika 50, ilhali waliokutwa na virusi walizidi 50,000.

Swali hilo lilipata jibu kwingineko barani. Utafiti mkubwa uliochapishwa katika Lancet mwezi Mei 2021 uliwafuata wagonjwa mahututi 3,140 wa korona katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya na Ethiopia zikiwamo na Burundi ikiwa haimo, na ukakuta kwamba asilimia 48.2 walifariki ndani ya siku 30, wakati wastani wa dunia kwa wagonjwa wa namna hiyo ulikuwa kama asilimia 31.5. Wenye kisukari, UKIMWI, ugonjwa wa figo au wa ini walikuwa katika hatari kubwa zaidi, na watafiti waliona kwamba vifaa vilivyokuwapo mara nyingi havikutumika kwa wagonjwa waliovihitaji. Vijana wa Afrika waliliokoa bara kwa jumla, lakini aliyefikia kitanda cha mahututi alikuwa katika hatari kubwa kuliko mwenzake wa kwingineko duniani. Hata waliokuwa na uwezo wa kuhamishwa hawakuwa na hakika: Pierre Buyoya, aliyewahi kuitawala Burundi mara mbili, alifariki kwa korona jijini Paris Desemba 2020 baada ya kusafirishwa kutoka Bamako, naye alikuwa na umri wa miaka 71.

Dawa mpya zilizolenga interlukini-6 moja kwa moja zilithibitishwa kuwa na faida mwanzoni mwa 2021, na Shirika la Afya Duniani likazipendekeza mwezi Julai mwaka huo, lakini bei yake iliziweka mbali na hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Oksijeni, ambayo ni hewa tu iliyochujwa, nayo ikawa mgogoro. Mitungi ya chuma iliyojazwa kiwandani hubebwa kwa lori, huisha usiku, na hutegemea umeme wa kuijazia; mgonjwa mmoja mahututi anaweza kumaliza mtungi mkubwa kwa saa chache. Nchi nyingi za bara ziliongeza mitambo ya kuchuja oksijeni ndani ya hospitali baada ya wimbi la 2021 la aina ya virusi iitwayo Delta kuonyesha kwamba mtungi hauwezi kuukimbiza mchochota.

Kwa wafanyakazi wa Zone Industrielle hesabu hizo zina upande mwingine ambao takwimu za taifa haziufikii. Pafu lililokaa miaka 20 katika vumbi la kahawa au la pamba huwa na mchochota wa kiwango cha chini usiokwisha, na tafiti za nchi kadhaa zimehusisha hewa chafu ya muda mrefu na hatari kubwa zaidi ya kulazwa au kufa kwa korona, ingawa uhusiano huo ni mgumu kuutenga na umaskini, msongamano wa nyumba na kuchelewa hospitali. Barakoa iliyokuja kwa ajili ya virusi ilikuwa kifaa ambacho mkoboaji wa kahawa alistahili kupewa tangu siku ya kwanza ya kuajiriwa, na inashangaza kidogo kwamba ilihitajika tauni ya dunia nzima ili jambo hilo lizungumzwe.

Serikali ilikubali chanjo mwezi Julai 2021, ikiwa miongoni mwa za mwisho barani, na tarehe 14 Oktoba ikapokea dozi 500,000 za Sinopharm kutoka China. Uchanjaji ukaanza tarehe 18. Chanjo hiyo ina virusi vizima vilivyouawa pamoja na haidroksaidi ya alumini, dutu ambayo kazi yake ni kuamsha mchochota mdogo mahali pa sindano ili chembe za kinga zije, zivione virusi vilivyokufa na kuvikumbuka, kwa hiyo mkono unaouma na kuvimba kwa siku mbili ni dalili za Celsus zilizoitwa kwa makusudi na kwa kipimo. Mwili uliokwisha kujifunza hivyo huvidhibiti virusi katika wiki ya kwanza, na kwa walio wengi wiki ya pili haifiki. Waliojitokeza walikuwa wachache. Hadi mwisho wa 2022 Warundi waliokuwa wamekamilisha chanjo hawakufika asilimia 1 ya watu wote, na wengi wa wakazi wa Buyenzi na Ngagara walipata kinga yao kwa njia ya zamani, yaani kwa kuugua.